Kukodi boti ya umeme Mto Chicago na kuiendesha wenyewe, mkiwa na wazee na watoto

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juu juu. Mnakuja Chicago mwezi wa nane, wewe na shemeji, watoto wawili na wazazi wako waliotoka Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria. Unauliza kama mpande boti kubwa ya watalii pale mtoni au mkodi ile ndogo ya umeme muiendeshe wenyewe, ilhali hakuna kati yenu aliyewahi kushika usukani wa boti, na mama anaogopa maji. Mimi naishi hapa na nimeshawapeleka wageni wangu kwa njia zote mbili. Kwa familia yako nasema kodini ya umeme, kwa saa mbili, siku ya katikati ya wiki, asubuhi wanapofungua. Hilo la asubuhi ndilo linalobeba ushauri wote. Jumamosi alasiri ningekwambia mpande boti kubwa mkae zenu salama.

Boti kubwa siibezi hata kidogo. Ile ya Chicago Architecture Center, kituo cha usanifu majengo, inachukua dakika 90, na waongozaji wake wanayajua majengo vizuri sana. Mtu anayetaka kuelewa nani alijenga nini na kwa nini, pale ndipo mahali pake. Tatizo ni wazazi wako. Kwa dakika zote hizo watakuwa wanasikiliza Kiingereza cha kasi kwenye spika, katikati ya watu wengi, na mzee akitaka kuuliza kitu itabidi umnong'oneze huku maelezo yanampita. Kwenye boti yenu wenyewe mwongozaji ni wewe, kwa Kikerewe au Kiswahili, na baba akisema "simama hapo kwanza", mnasimama. Mota ya umeme haina kelele wala moshi, kwa hiyo mtu anaongea kwa sauti ya kawaida tu na wote wanasikia. Mimi naona hicho ndicho kitu cha kulipia pesa.

Sasa kwa nini asubuhi. Mto wa katikati ya mji una kuta za zege na chuma pande zote mbili. Boti kubwa ikipita, mawimbi yake hayana ufukwe wa kufia, yanagonga ukuta yanarudi, yanagonga wa pili yanarudi tena. Mchana wa wikendi kuna boti za watalii, teksi za majini, kayaki, boti za sherehe na zenu ninyi wageni, wote kwenye mfereji huohuo. Maji yanachafuka na boti ndogo inachezacheza muda wote. Haizami kwa hilo, lakini kwa mama anayeogopa maji safari imeshaharibika. Asubuhi ya Jumanne au Jumatano mto huohuo umetulia kabisa.

Kuhusu kuendesha, usiogope. Wanakufundisha dakika chache gatini, na boti yenyewe hata ukisukuma wenzo wa mwendo hadi mwisho inakwenda kama kilomita 8 au 9 kwa saa. Ila kuna mambo ambayo dereva wa gari hayategemei, na ni vizuri uje ukiwa unayajua.

Boti haina breki. Unarudisha wenzo kwenye sifuri mapema, kisha unaupeleka nyuma kidogo, nayo bado itateleza mbele. Usukani nao unafanya kazi pale tu maji yanapopita kwa nguvu kwenye mota. Ukizima mota kabisa ukidhani unapunguza hatari, boti haikusikii tena, inakwenda inakotaka upepo. Kwa hiyo kwenye kona au karibu na gati acha mota izunguke taratibu. Jambo la tatu ndilo linalowashangaza wengi: kinachozunguka ni tezi, yaani nyuma ya boti. Ukikata kulia, omo, yaani mbele ya boti, inaelekea kulia na tezi inatupwa kushoto. Ukitoka gatini ukakata usukani wote kwa mara moja, nyuma ya boti inaparuza gati. Sogea kwanza mbele kidogo, kisha kata polepole.

Boti nyingi za aina hii zina paa la turubai, zuri kwa jua la Agosti, lakini paa hilo linashika upepo. Ukirudi gatini, tazama bendera upande wa maghorofa ujue upepo unatoka wapi, uingie ukiukabili. Upepo ukiwa nyuma yako unakusukuma kwenye gati kwa kasi usiyoitaka.

Kaa upande wa kulia wa mto muda wote. Kubwa lolote linalokuja, lipishe, hasa matishali ya mizigo, maana nahodha wa tishali haoni kitu kidogo kilicho karibu mbele yake, na hata akikuona hawezi kusimama. Wimbi likija, punguza mwendo ulielekezee omo kwa mshazari kidogo, usiliache likupige ubavuni. Na msisimame chini ya daraja kupiga picha. Kule kunabana, na anayekuja upande wa pili hakuoni.

Betri isikutie wasiwasi. Inatosha kwa muda wote mliolipia, na ukienda nusu ya mwendo mota inakula karibu sehemu ya nane tu ya umeme inaokula ikiwa kwenye mwendo wa mwisho. Hakuna sababu ya kukimbia hata hivyo.

Nirudi kwa mama. Mimi ni mtu wa Mwanza. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria nilikuwa pale, na najua mtu wa Ukerewe amebeba nini moyoni tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka 2018 pale Ukara. Usimwambie mama kwamba hofu yake haina msingi, ina msingi. Mwonyeshe vitu anavyoweza kuvishika. Kila boti ina kibao kinachosema inabeba watu wangapi, msomee. Mko sita, kodi ya watu kumi, mtakaa kwa nafasi na boti itatulia. Sheria ya Illinois inamtaka kila mtoto chini ya miaka 13 avae jaketi okozi kwenye boti ndogo kama hizi, wakubwa wanatakiwa angalau wawe nayo ndani. Kwenu vaeni wote, baba naye avae. Mama akiona mzee amevaa bila kubishana, atavaa na kutulia.

Kisha weka kanuni moja ya ndani ya boti: hakuna watu kuinuka pamoja na kuegemea upande mmoja. Mmoja anapiga picha, wengine wamekaa. Mto huohuo, tarehe 24 Julai 1915, meli iitwayo Eastland ilipinduka ikiwa bado imefungwa gatini, kati ya mitaa ya Clark na LaSalle, ikiwa na wafanyakazi wa kampuni ya Western Electric na familia zao waliokuwa wanakwenda pikiniki. Watu 844 walikufa hatua chache kutoka nchi kavu. Ilikuwa nzito juu, na imejaa watu. Boti ndogo ya umeme si meli ya namna ile, betri zake zimekaa chini na zinaishika vizuri, lakini mkao wa watu una maana kwenye chombo chochote. Habari ya Eastland lakini wasimulie mkiwa mmeshashuka, mnakula.

Kupanda na kushuka ndiyo sehemu ngumu kwa mzee kuliko safari nzima. Mmoja atangulie ndani, mmoja abaki gatini, mzee akanyage katikati ya boti na si ukingoni, kisha akae papo hapo. Mama mkwe wangu alikuja na kanga mbili, tukazifunga vizuri kiunoni kwanza, akavua viatu, akashika mabega ya binti yake akaingia huku anasoma dua. Dakika kumi za kwanza hakuachia bomba la paa. Tulipofika Marina City, yale maghorofa mawili ya mviringo ya miaka ya 1960 ambayo wenyeji wanayafananisha na magunzi ya mahindi, aliona magari yameegeshwa ghorofa kwa ghorofa, ukingoni kabisa. Akaachia bomba, akanyoosha kidole: "Hilo la juu kabisa, mwenyewe akisahau kuvuta hendibreki?" Kuanzia hapo hakunyamaza tena.

Vitu vya kuwaonyesha. Anzieni upande wa mashariki, kwenye daraja la Michigan Avenue, ambalo tangu 2010 linaitwa daraja la DuSable. Jean Baptiste Point du Sable alikuwa mtu mweusi, mfanyabiashara, na katika miaka ya 1780 alikuwa ameshajenga makazi yake hapo ukingo wa kaskazini, karibu na mto unapokutana na ziwa. Mkewe Kitihawa alikuwa Mpotawatomi, mwenyeji wa nchi hii. Chicago inamtambua rasmi kuwa mwanzilishi wake, na sanamu yake ya kichwa na mabega iko juu pale uwanjani karibu na daraja. Mpeleke baba kwa miguu baadaye. Mimi sijampeleka mzee yeyote kutoka nyumbani ambaye hakusimama pale na kuniuliza maswali, na kwa watoto wenu wanaosoma huku ni muhimu walisikie jina hilo kutoka kwa babu yao.

Kisha waambie kwamba mto huu ulikuwa unaingia ziwani, wakaugeuza. Uchafu wote wa mji ulikuwa unakwenda Ziwa Michigan, na mji huohuo unakunywa maji ya ziwa hilo. Wakachimba mfereji wa kilomita 45, ukafunguliwa Januari 1900, na tangu hapo maji yanatoka ziwani yanaingia mtoni na kwenda hadi Mississippi. Wazazi waliokulia kwenye kisiwa na kunywa maji ya ziwa watalielewa jambo hili kuliko watalii wengi. Baba akiuliza ziwa lipi kubwa, letu: Victoria lina kilomita za mraba kama 68,800, Michigan kama 58,000. Ila msitegemee kuingia ziwani na boti hizi. Kuna lango la maji mdomoni mwa mto, na wakodishaji wanawawekea mpaka kabla ya hapo.

Mkielekea magharibi mtapita Merchandise Mart, ambalo lilipofunguliwa 1930 lilikuwa jengo kubwa kuliko yote duniani kwa eneo la sakafu. Baada yake mto unagawanyika pale Wolf Point. Hapo watu wengi hugeuza. Ninyi pindeni kaskazini. Mkono wa kaskazini una boti chache, kingo zake zina miti kadiri unavyoendelea, na kama mpaka wa mkodishaji unaruhusu mnaweza kufika Goose Island, kwenye Wild Mile, bustani zinazoelea zilizopandwa majani ya asili. Korongo wapo, na kobe wakubwa wa majini hupanda kuota jua. Mto huu zamani ulikuwa kama mfereji wa maji taka. Septemba 2025 watu walifanya mashindano ya kuogelea katikati ya mji, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu 1927. Watoto wako wataipenda sehemu hii kuliko maghorofa, na mama pia, kwa sababu maji yametulia.

Bei hutozwa kwa boti na kwa saa, si kwa kichwa, kwa hiyo gawanya kwa watu sita kabla ya kulinganisha na tiketi za boti kubwa. Wikendi na jioni ni ghali zaidi. Uliza kabla ya kulipa: dhamana ni kiasi gani na inarudi lini, kuchelewa dakika kumi kunatozwaje, na upepo au radi ikizuia safari, pesa inarudi au mnapewa siku nyingine tu. Kabla ya kuondoka gatini piga picha boti pande zote, hasa michubuko ya zamani. Kampuni moja iliwahi kutaka kunikata dhamana kwa mchubuko ambao ulikuwepo, na picha yenye saa ndiyo iliyomaliza mjadala. Anayeendesha asiguse pombe, hata kama wengine wanaruhusiwa kubeba vinywaji.

Halafu choo. Boti hizi hazina. Wazee na watoto waende kabla ya kupanda, na ndiyo maana nilisema saa mbili, si tatu. Saa mbili zinatosha kwa mto wa katikati, ambao mzima una kilomita mbili na nusu hivi, na kipande kizuri cha mkono wa kaskazini. Mkodi mapema, Agosti asubuhi nzuri zinaisha haraka. Ukishajua tarehe iandike hapahapa, nitakuangalizia siku gani madaraja yamefungwa kwa matengenezo na wapi pa kuegesha gari ambapo mama hatatembea sana.