Raelynn maana yake nini hasa?

Dada, hongera kwa ujauzito. Umeuliza Raelynn ni jina la lugha gani, maana kila unayemuuliza anakupa jibu lake. Sishangai. Ni jina la kuunganisha, limepata umaarufu Marekani miaka ya karibuni, na kila nusu ina kwao.

Rae ni kifupisho cha Rachel, jina la Kiebrania lenye maana ya kondoo jike; ndiye Raheli, mke wa Yakobo. Wanaokuambia ni "mwale wa jua" wamefuata tu neno la Kiingereza linalotamkwa vivyo hivyo. Lynn nalo huhusishwa na llyn, yaani ziwa kwa Kiwelisi. Ukiyabandika pamoja unapata kondoo wa ziwani, na sidhani kuna mzazi aliyekusudia hivyo! Wengi huyapendea sauti, au wanataka kuwaenzi bibi wawili kwa mpigo.

Mimi ningehofia zaidi tahajia: Raelyn, Raelynn, Raylin. Kubalianeni na baba yake mapema, na kabla ya kusaini fomu ya cheti cha kuzaliwa, isome herufi kwa herufi. Hiyo n ya pili hudondoka kirahisi sana.