Mini 4 Pro, Air 3S au Mavic kuukuu: droni ya kwanza kwa mpiga picha wa harusi pwani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha, nakaa Mtwapa. Huu mwaka wa nne napiga harusi na hafla kwa kamera ya mkononi, na sasa kila mteja ananiuliza kama nina droni. Nimeweka akiba ya shilingi 180,000. Dukani nimeonyeshwa DJI Mini 4 Pro na DJI Air 3S. Rafiki yangu naye anauza Mavic 2 Pro aliyoitumia tangu 2019, bei yake iko chini kuliko zote, na anashikilia kwamba hiyo ndiyo yenye kamera ya kweli kwa sababu ina kihisi (kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera) cha inchi 1 na jina la Hasselblad, kampuni ya kamera. Sijawahi kurusha droni hata siku moja. Kazi zangu nyingi ni harusi za ufuoni kuanzia Mtwapa hadi Kilifi, mara nyingine Mji wa Kale wa Mombasa, na kuna madalali wa ploti za Vipingo wanaonitafuta. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza habari za kamera, nami nitaanza na upepo, kwa sababu huko uliko upepo ndio utakaoamua ni siku ngapi mashine yako itafanya kazi na ni siku ngapi italala mkobani.

Wewe ni mtu wa pwani, sina haja ya kukufundisha kusi na kaskazi. Lakini pepo hizo umezizoea ukiwa chini, ukikingwa na majumba na minazi. Ukipanda mita 60 kinga hiyo haipo tena, na ule upepo uliokuwa ukikupepea tu ufuoni huko juu unasukuma. Mtengenezaji, kampuni ya DJI, anasema Mini 4 Pro inahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, na Air 3S mita 12. Kwa kilomita za saa ni kama 38 na 43. Ukisoma karatasini utaona tofauti ni ndogo. Angani si ndogo, maana Mini ina gramu 249 na Air 3S ina gramu 724. Ile nyepesi haitaanguka, ila itahangaika: itainama sana ili isichukuliwe, betri itakwisha haraka, na picha inaweza kutetemeka.

Piga hesabu hii kabla hujanunua chochote. Katika mwendo wa kawaida Mini 4 Pro hufikia mita 12 kwa sekunde. Tuseme kusi linavuma kwa mita 8, na wewe umeiachia iende na upepo hadi kilomita 1. Kwenda itachukua kama dakika moja. Kurudi inashindana na upepo, kwa hiyo mwendo wake juu ya ardhi unabaki mita 4, na kilomita ile ile inakula zaidi ya dakika nne. Droni nyingi zilizozama baharini zimepotea kwa hesabu hii hii: mwenyewe alitazama betri wakati wa kwenda akaona bado tele. Kwa hiyo anza safari kwa kuukabili upepo, ili urudi nao ukikusukuma. Na zile dakika 34 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa bila upepo. Ufuoni mwezi wa Julai panga kazi yako kwa dakika 20, zikizidi ni faida.

Sasa tuje kwenye Mavic ya rafiki yako. Simlaumu, ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa mashine ya heshima na nilifanya nayo kazi nyingi. Lakini hoja yake ya kihisi ina upande mmoja tu. Kihisi cha inchi 1 ni kikubwa kuliko kile cha inchi 1/1.3 cha Mini 4 Pro, eneo lake ni kama mara 1.7. Tundu la lenzi ya Mavic hiyo, hata hivyo, linaanzia f/2.8, na ya Mini ni f/1.7, inayopitisha mwanga zaidi ya mara mbili na nusu. Wewe ni mpiga picha, unajua mizani hiyo inaelemea wapi: jua likishazama na bi harusi anataka picha ya taa za ukumbini, Mini ndogo inakusanya mwanga mwingi kuliko Mavic kubwa. Isitoshe, Mavic 2 Pro inaishia video ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, na Mini 4 Pro inafika 60, hata 100 kwa mwendo wa pole. Na upepo inaohimili kwa mujibu wa mtengenezaji ni kilomita 29 hadi 38 kwa saa, yaani kwa karatasi, uzito wake wa gramu 907 haukununulii kinga ya upepo kuliko Mini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni betri. Betri za lithiamu huchoka kwa umri hata zisipotumika, na joto la pwani linaziharakisha. Betri ya mwaka 2019 inaweza kuonyesha asilimia 40, kisha ikaporomoka ghafla motor zinapodai nguvu ya kupambana na upepo. Kama bado moyo unakutuma huko, nenda kaiangalie ukiwa na mambo matatu kichwani. Fungua programu usome kila betri imechajiwa mara ngapi, na uishike mkononi: ikiwa imevimba hata kidogo, iache. Iwashe mezani utazame gimbali, kile kishikizo kinachotuliza kamera, ikijipanga. Isitetemeke wala isilalie upande. Tena hakikisha rafiki yako ameiondoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, kwa sababu droni iliyofungwa kwenye akaunti ya mtu mwingine itakusumbua. Mimi nisingeinunua kama droni ya kwanza.

Zinabaki mbili. Bei za uzinduzi za DJI kule Marekani zinafundisha kitu: Air 3S yenye betri moja na rimoti ya kuwekea simu ilitangazwa kwa dola 1,099, na Mini 4 Pro yenye betri tatu, mkoba na rimoti yenye skrini yake ilitangazwa kwa dola hizo hizo 1,099. Dukani Mombasa utakuta zimeongezeka kwa kodi na usafiri, lakini chaguo lako kwa kweli ndilo hilo: kamera bora zaidi inayoruka mara moja kisha unasubiri chaji, au kamera nzuri inayoruka mara tatu mfululizo. Harusi haikusubiri. Nikaha itafungwa ukiwa umechomeka betri ukutani.

Air 3S ina jambo moja ninalolipenda sana, na si kile kihisi cha inchi 1 kinachosifiwa na wauzaji. Ni lenzi yake ya pili, ya milimita 70. Kwa lenzi hiyo unasimama mbali, mlio wa mapanga ya droni hausikiki kwenye maikrofoni ya shehe wala mchungaji, na bado maharusi wanajaa kwenye fremu, na bahari nyuma yao inaonekana imesogea. Mini ina lenzi pana peke yake, itakubidi usogee. Kwa upande mwingine kamera ya Mini 4 Pro inageuka kabisa na kusimama wima, kwa hiyo video ya TikTok au ya stetasi inatoka kamili bila kukatwa. Air 3S inakata pande za picha na kukupa 2.7K, iliyo chini ya 4K. Wateja wako wa harusi wanaangalia wapi picha zao? Kwenye simu, karibu wote. Na kwa madalali wa ploti, Mini inatosha na kubaki: mpaka wa shamba, barabara, umbali hadi baharini, hakuna anayehitaji zaidi ya hapo.

Hukumu yangu basi ni Mini 4 Pro yenye betri tatu. Mini 5 Pro, iliyotoka Septemba 2025, imewekewa kihisi cha inchi 1 katika uzito karibu ule ule. Ukiikuta kwa nyongeza isiyogusa zile betri wala pesa za leseni, ichukue hiyo. Air 3S iwe ya pili, utakapokuwa umeshajua kurusha na harusi zimeshairudisha pesa ya kwanza.

Nimetaja leseni, na hapa nakuomba usome polepole. Muuzaji atakwambia kwamba droni ya chini ya gramu 250 haina masharti. Mstari huo wa gramu 250 ni wa Marekani na Ulaya. Kanuni za Kenya za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, hupanga urushaji kwa kiwango cha hatari, makundi A, B na C, wala si kwa mizani. Droni inasajiliwa, kibali kinatangulia kabla ya kuiagiza kutoka nje, na ukishalipwa kwa kazi unahitaji leseni ya rubani na cheti cha mwendeshaji. Ukinunua dukani, dai karatasi zinazoonyesha iliingiaje nchini, kwa sababu bila hizo usajili utakwama na utakayekwama nao ni wewe.

Kuna namba tatu za kukariri. Usipite futi 400 juu ya ardhi, kama mita 120. Kaa mita 50 mbali na watu, magari na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako, na ndiyo maana nikakwambia lenzi ya milimita 70 ina thamani. Na bila idhini usirushe ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege, au kilomita 7 za viwanja vidogo. Fungua ramani, weka ncha kwenye uwanja wa Moi kule Port Reitz uchore duara la kilomita 10: linameza karibu kisiwa chote cha Mombasa, na Fort Jesus iko pale ukingoni. Harusi za Mji wa Kale usizikubali kwa droni mpaka uwe na idhini mkononi. Vipingo nako kuna kiwanja cha ndege ndogo, kwa hiyo pima kila ploti kabla ya kumwahidi dalali. Najua inachosha. Nimeona vijana wenye vipaji wakipoteza vifaa vyao kwa kutofanya hesabu hii ya dakika tano, na bado inaniuma.

Jambo jingine la pwani nililijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Lamu nikipiga mashindano ya majahazi, nikairusha droni kutoka kwenye mashua iliyokuwa ikienda. Droni hizi zikishapata setilaiti za kutosha hukariri mahali zilipoondokea na kupaita nyumbani. Betri iliposhuka ikaanza kurudi yenyewe hadi pale ilipoondokea, na pale sasa palikuwa maji matupu. Mashua yetu ilikuwa imeshafika mbali. Nilipoinua macho kutoka kwenye skrini ilikuwa imeanza kushuka. Ilizama na kadi yenye picha za asubuhi nzima, picha ambazo mteja hakuweza kuzipata tena. Kosa lilikuwa langu: programu ina sehemu ya kuhamishia nyumbani pale rimoti ilipo, sikuigusa. Ukirusha kutoka chomboni, fanya hivyo kila baada ya muda mfupi, na usiiteremshe karibu na mawimbi, kwa kuwa kamera za tumboni zinazoisaidia kutulia huchanganyikiwa na maji yanayotembea.

Ukiwa nchi kavu, panga urefu wa kurudi uzidi mnazi mrefu kuliko yote ulio karibu. Mnazi hufika mita 30, weka 45. Usitegemee sana macho ya kuona vizuizi ya Mini 4 Pro, ingawa yanatazama pande zote: waya mwembamba wa umeme na kuti linaloning'inia vinayapita, na ukiingia mwendo wa kasi yanazimwa kabisa. Tandika mkeka wa kupaa na kutua, mchanga ukiingia kwenye motor hautoki. Ukirudi nyumbani futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na betri zihifadhi zikiwa nusu chaji, zisikae garini juani.

Kwa akiba yako, nunua pia kadi mbili zenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika video, na filta za kupunguza mwanga. Lenzi ya Mini haibadilishi tundu, na kwa jua la saa saba mchana huwezi kushika shata ya 1/50 kwa fremu 25 bila filta nzito ya aina hiyo. Kinachobaki, hata senti ya mwisho, peleka kwenye mafunzo na leseni.

Mashine ikifika, betri kumi za mwanzo usirekodi cha mteja yeyote. Tafuta uwanja mpana alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka, uirushe ikiwa imekuelekea uso, kwa sababu hapo kushoto na kulia vinabadilishana na ndipo wanaoanza wanapogonga ukuta. Zungusha mti ukiuweka katikati ya fremu, mara kumi kwa upande wa kulia na kumi kwa kushoto. Kisha funika skrini uirudishe mkekani kwa macho yako tu. Siku utakayofanya hivyo kusi likivuma, mpigie mteja wa kwanza.