Kabla hujaingia NeST, pita Ngamiani

Wadogo zangu mlioripoti kitengo cha ununuzi mwaka huu, nawaona mnavyojivunia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, na mna haki. Mimi nilianza enzi za sanduku la bati lenye kufuli mbili, kila ufunguo kwa mtu wake. Saa nne asubuhi sanduku linafunguliwa mbele ya wazabuni, bahasha za lakiri zinachanwa moja moja, bei zinasomwa kwa sauti, na kurasa zinatiwa saini fupi mpaka vidole vinauma. Na kila mara kulikuwa na mtu koridoni aliyejua mambo kabla ya saa nne. Huyo mfumo umemwondoa. Muda ukifika zabuni zinafunguka, kabla ya hapo bei haionwi.

Kilichobaki mikononi mwenu ni vigezo, ile karatasi mnayoiandika zabuni ikiwa bado haijatangazwa. Mimi iliniumbua bila hata mtu kuiba.

Tulikuwa tunanunua madawati ya shule za msingi. Nikaandika "mbao ngumu, imara na zenye ubora." Mzabuni wa bei ya chini akashinda kihalali kabisa. Madawati yakaja na Fuso, yananukia vanishi. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ikahesabu, ikagongagonga, ikasaini. Kaskazi ilipokolea mbao zikapinda, misumari ikachomoza, mwalimu mkuu akanipigia kwamba sketi za watoto zinachanika. Nikaufungua mkataba: unene haumo, aina ya mti haimo, ukavu haumo. Nimdai nini? Ngumu zilikuwa ngumu.

Nikachukua kipande nikaenda nacho Ngamiani, mtaani Tanga, kwa fundi seremala mmoja, mtu mzima. Akakipima kwa kiganja, akakinusa. "Hii imepasuliwa juzi tu, mwanangu. Ungesema unataka iliyokauka, ungepewa." Akaniwekea mkaratusi mbichi mkono huu na mtiki mkavu wa shamba la miti la Longuza mkono huu. Dakika kumi, na hakunidai hata ya soda. Tangu siku hiyo naandika mti gani, unene kwa milimita, kiwango cha unyevu, skrubu badala ya misumari, na dawati moja la mfano lipitishwe kabla mengine hayajatengenezwa.

Msikaze kupita kiasi pia. Idara ikikuletea vigezo vimenakiliwa kwenye katalogi ya kampuni moja, mpaka rangi ya kifuniko, ujue mshindi ameshapatikana. Jina la chapa haliandikwi peke yake. Pale lisipoepukika, lifuatane na "au inayolingana nayo". Mrudishie mkuu wa idara kwa adabu, ila kwa maandishi. Kuvunja ununuzi vipande vipande ili kukwepa ushindani hata siongezi neno, wakaguzi huanza na hilo.

Sasa bei. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011, ilikuja na kilio kile kile: Serikali inanunua ghali kuliko bei ya soko. Nakubali nusu. Niliwahi kumbana mzabuni wa shajala kwa nini rimu ya karatasi kwetu imepanda kuliko dukani kwake. Akanijibu taratibu, "Bosi, ile ya dukani ni ya anayelipa leo. Nyinyi mnalipa lini?" Nikanyamaza, maana ankara yake ya nyuma ilikuwa na miezi mitano mezani kwa wahasibu. Mtapanga bei kikomo mpaka mchoke, lakini anayelipwa kwa kuzungushwa ataihesabu na ile mizunguko.

Na ile asilimia 30 ya ununuzi inayotengewa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, msiitimize kwenye taarifa tu. Kina mama fulani wanaoshona sare walikosa kazi kwa sababu nywila yao ya NeST alikuwa nayo kijana wa stesheneri, naye alikuwa msibani Pangani. Nilitoka ofisini nikakaa nao saa mbili, tukatengeneza nyingine, na mara iliyofuata waliomba wenyewe.

Lile dawati lililopinda zaidi nililiomba. Liko nyuma ya mlango wangu, naliwekea mwavuli. Mkija, msilikalie upande wa kushoto.