Oedipus: majaliwa, ajali au bahati mbaya?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha maigizo kinatafsiri Oedipus, tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles, tumekwama kwenye neno la kile kinachomfuata jamaa tangu hajazaliwa. Mmoja anataka majaliwa, mwingine bahati mbaya, mimi nikasema ajali wakanicheka. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Waliokucheka wamewahi kucheka, ila tuanze na majaliwa tuyatoe njiani. Mtu akijaliwa yupo aliyemjalia, na mara nyingi ni jambo la heri, fulani kajaliwa watoto, tukijaliwa tutaonana. Sasa jaribuni kusema jukwaani "Oedipus alijaliwa kumuua babaake" muone ukumbi utakavyoangua kicheko. Bahati mbaya nayo nyepesi mno, hiyo ni ya kukosa basi.

Ajali ndo tamu. Siku hizi ukisema ajali watu wanaona gari limepinduka, lakini kwenye Kiarabu ilikotoka, ajal ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufa, na Kiswahili kiliipokea na maana hiyo hiyo, mzee akifa wanasema ajali yake imefika. Kwa Laius, baba mtu, inakaa kabisa: aliambiwa atauawa na mwanawe, akamtoboa mtoto miguu akaagiza akatupwe mlima Cithaeron, na bado siku yake ikamkuta njia panda akiwa kwenye gari lake la farasi. Kwa Oedipus ndo inagoma, maana pale njia panda hakuteleza bana, alipigwa kichwani akarudisha kwa hasira mpaka akaua, alichokuwa hajui ni anamuua nani tu. Msikilizaji wa leo akisikia ajali atajua wamegongana.

Wagiriki wenyewe wanasema moira, na maana yake ya kwanza ni fungu, kile anachokatiwa mtu kwenye mgao. Cha kuchekesha ni kwamba nasib ya Kiarabu nayo ni fungu, ndo nasibu yetu hii, ila sisi tumeiburuta mpaka kwenye bahati nasibu, neno la mgao limeishia kuwa neno la kubahatisha, kwa hiyo hapo halifai tena. Kadari ingefaa kwa uzito wake lakini inakuja na Mungu mmoja mwenye kupanga, wakati kwa Homer, mshairi wao wa kale, hata Zeus, mkuu wa miungu yao, anamtazama mwanawe Sarpedon anakufa na fungu lake halivunji. Mimi ningeandika fungu, basi. "Hili ndilo fungu langu", mwigizaji akitulia hapo inatosha.

Bahati msiitupe lakini, mtaihitaji kwa tyche, lile la kutokea tu. Jocasta, mke wa Oedipus ambaye kumbe ndiye mamaake, akisikia mfalme wa Korintho aliyemlea Oedipus kafa kifo chake anasema binadamu anaendeshwa na tyche, aishi tu anavyoweza. Halafu Oedipus, wakati ukweli umeshamfikia mlangoni, anajiita mtoto wa Tyche. Hapo andikeni "mimi ni mwana wa Bahati", kwa herufi kubwa, na msiogope kwamba watu watadhani mamaake anaitwa Bahati, maana ndicho anachokisema, anamtaja mama, na mama mwenyewe ndo kwanza kaingia ndani na hatoki tena.