Maji ya kahawa kwenye mfongo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Kibosho, Moshi. Kampuni inayomenya kahawa huku juu inamwaga maji ya kuoshea kwenye mfongo wetu, yaani mfereji wa jadi wa maji. Ng'ombe wangu wameyakataa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nimekulia kando ya mfongo. Naijua harufu ile ya uchachu, na ute unaoganda kwenye mawe. Sukari yake ikichacha humaliza hewa majini, samaki hawaponi. Mwone mwenyekiti wa kijiji, kisha peleka picha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, hapo hapo Moshi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali cha kumwaga majitaka. Kampuni ichimbe mashimo ya kutuliza maji hayo, na maganda yageuzwe mboji ya migomba yenu.