Kiduha kimerudi baada ya kupumzisha shamba

Pole sana, ndugu mkulima. Kulipumzisha shamba misimu miwili, kisha upande mahindi ukute kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuinyonya, kimejaa tena, kunavunja moyo. Nami kiliwahi kunimalizia mahindi.

Mbegu ya kiduha ni laini kama ugoro, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu. Hukaa ardhini hata zaidi ya miaka 10. Mvua peke yake haiziamshi: zinataka unyevu na joto kwa wiki 1 hadi 2, halafu zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele. Zikiikosa, zinaendelea kulala. Ndiyo maana mapumziko hayakusaidia. Udongo uliochoka huzidisha tatizo, kwa kuwa mahindi yenye njaa huitoa kemikali hiyo kwa wingi.

Msimu huu ningepanda soya au kunde. Mizizi yake huamsha baadhi ya mbegu, lakini kiduha hakipati pa kujishikiza, kinakufa. Ukirudia mahindi, weka desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari. Samadi iwe imeoza vizuri, maana mbegu hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Kinachochomoza king'oe kabla ya maua, ukichome.

Mbegu za mahindi zilizopakwa kiuagugu zipo, ila muone afisa ugani kwanza. Ukizishika kisha ukashika mbegu za maharage bila kunawa, maharage yataharibika.