Mwanangu, kabla hujamwandikia huyo nesi barua ya onyo

Mwanangu mama, salama? Huku Ujiji tupo, baba yako goti tu. Voisi noti yako nimeisikiliza, unauliza inakuaje manesi wawili wametoka chuo kimoja, wako ICU hiyo hiyo (wodi ya mahututi) uliyopewa uinchaji, yaani kuisimamia, mmoja kazi inanyooka mwenzie analegalega, na we ushaanza kuwaza barua ya onyo. Ngoja kwanza.

Zamu yake anabeba wagonjwa wangapi? Mgonjwa wa mashine ya kupumulia ni kumnyonya makohozi, kumgeuza kila masaa mawili, kumsafisha kinywa, kichwa cha kitanda kiwe nyuzi 30 mpaka 45, kumpima mkojo kila lisaa, dawa ya presha kwenye pampu isikatike, sasa mpe mtu mmoja wanne wa hivyo afu umwite mzembe! California kule Marekani sheria inasema nesi wa ICU asizidishe wagonjwa wawili. Na kuna utafiti wa Linda Aiken wa 2002, hospitali za Pennsylvania, wagonjwa wa upasuaji, ulikuta kila mgonjwa mmoja anayeongezeka kwa nesi unaenda na uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 kupanda kama asilimia 7. Hao hata sio mahututi wote.

Afu nani anapangiwa naiti mfululizo? Monita inalia usiku kucha, mara nyingi ni waya tu umelegea, sikio linazoea, siku ikilia ya kweli mtu anachelewa kuinuka. Uchovu huo, sio roho mbaya.

Chuo kimoja nacho kisikudanganye, ventileta, hiyo mashine ya kupumulia, watu wengi wanaijulia kazini, labda mmoja alipata dada wa kumwelekeza na mwingine akaachiwa mashine aipambanie mwenyewe. Na muulize kuhusu madaktari. Nesi ndo anayekaa na mgonjwa, yeye ndo anaona mapema kabadilika, ila kama akipiga simu saa nane usiku anafokewa, kesho atasubiri mpaka kukuche. Hili la kufokewa mimi naona linazidi hata mshahara, ingawa wenzangu wastaafu tunabishana sana hapo (posho ikichelewa miezi nayo inavunja mtu, sikatai).

Kama kote huko yuko sawa na mwenzie na bado anaruka kazi, haya, mwite muongee, barua baadae.

Rosta ya mwezi ujao nipigie picha unirushie kabla hujaibandika.

Mama